Mbinu za Kusomea kwa Mwanafunzi Asiyeendana na Mwendo wa Darasa

Mwanafunzi anayejifunza kwa namna tofauti ni yule mwenye akili kama ya wenzake, aliyefundishwa kama wao, lakini njia ya kawaida ya kusoma kitabu, kunakili ubaoni na kukariri haimfikishi popote. Wengine wana disleksia, yaani ugumu wa kuunganisha herufi na sauti zake. Wengine wana diskalkulia, ugumu wa kushika maana ya namba. Wako wenye upungufu wa makini, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake cha ADHD, na wako wanaoandika kwa taabu ilhali kusimulia wanasimulia vizuri. Watafiti wengi hukadiria kwamba disleksia pekee huwapata watu 5 hadi 10 katika kila 100. Darasa la wanafunzi 60, ambalo si ajabu katika shule za umma za Eastlands, mashariki mwa Nairobi, lingekuwa na watatu hadi sita. Mara nyingi ndio hao wanaoitwa wavivu au vichwa vigumu, na dawa wanayopewa ni kurudia kwa wingi kile kile kilichowashinda.

Kabla ya kubadili mbinu, chanzo hutafutwa, na macho na masikio ndiyo ya kwanza kuchunguzwa. Mtoto asiyeuona ubao vizuri hunakili makosa. Mwenye sikio linalotoka usaha kila mara hukosa nusu ya anayosema mwalimu. Wote wawili huonekana sawa kabisa na mtoto asiyeelewa. Pa kuanzia ni hospitali ya umma iliyo karibu. Kwa wakazi wa Umoja, Kayole na Komarock hiyo ni Mama Lucy Kibaki. Usingizi nao huhesabiwa. Katika nyumba ya chumba kimoja mtoto hulala watu wazima wanapolala, pengine saa tano usiku, kisha huamshwa saa kumi na moja alfajiri aende shule. Hakuna mbinu ya kusomea inayofidia hilo.

Kinachowachanganya wazazi na walimu kuliko yote ni lugha. Eastlands ndiko Sheng ilikochipuka, na mtoto wa Kaloleni, Jericho au Dandora huingia shule akiwa na Sheng ya kuchezea, pengine Dholuo, Kikamba, Gikuyu au Kisomali ya nyumbani, kisha akakuta vitabu vya Kiingereza. Sera ya elimu inataka lugha ya eneo itumike hadi Gredi ya 3, na mjini lugha hiyo ni Kiswahili, ila shule nyingi hukimbilia Kiingereza mapema kwa kuwa wazazi wanakipenda. Kusoma kwa shida lugha ambayo mtu haizungumzi si disleksia. Makosa ya matamshi nayo si disleksia: anayebadilishana r na l kwa athari ya Gikuyu, au anayesema s mahali pa sh kwa athari ya Dholuo, ameleta mazoea ya lugha yake ya kwanza, na jambo hilo halisemi lolote kuhusu uwezo wake.

Kipimo cha nyumbani kipo, nacho hakigharimu kitu. Mtoto apewe kifungu cha Kiswahili ambacho hajawahi kukiona, chenye maneno ambayo akiyasikia anayaelewa. Kiswahili kina irabu tano, na herufi zake husomwa vile vile karibu kila mahali, kwa hiyo aliyefundishwa ba be bi bo bu kwa mwaka mmoja au miwili hatarajiwi kukwama. Akisoma Kiswahili vizuri na kukwama kwenye Kiingereza tu, shida ni Kiingereza, na dawa yake ni kukizungumza na kukisikia zaidi. Akikwama kote kuwili, kuna sababu ya kutazama kwa karibu. Katika lugha yenye maandishi ya kawaida kama Kiswahili, disleksia huonekana zaidi kwenye kasi kuliko kwenye makosa. Mtoto anaweza kutamka kila neno sawasawa lakini akachukua dakika nzima kwa mstari mmoja, na akifika mwisho amesahau mwanzo. Anaruka silabi za katikati ya neno refu, au anaona mwanzo wa neno na kubuni mwisho wake.

Kuna watoto wanaoificha shida hii kwa kumbukumbu ya sikio. Mtoto aliyezoea kuhifadhi kwa kusikia, iwe madrasa ya Pumwani au Eastleigh, iwe kwaya ya kanisani, anaweza kusoma ukurasa mzima bila kosa huku macho yake yakiwa dirishani. Huyo huulizwa maneno ya ukurasa huo kwa kurukaruka, kuanzia chini kwenda juu. Kipaji chake kisidharauliwe, kwa sababu baadaye ndicho kitakachobeba masomo mengine.

Hapa inafaa kuweka kando imani moja iliyoenea mno, kwamba kila mtu ana mtindo wake wa kujifunza, wa kuona, wa kusikia au wa kushika, na kwamba akifundishwa kwa mtindo huo atafaulu. Dodoso la VARK la mwaka 1992, linalohusishwa na Neil Fleming wa New Zealand, lilisaidia kuieneza duniani. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wakiongozwa na Harold Pashler walipitia tafiti zilizokuwapo na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kulinganisha ufundishaji na mtindo anaoupenda mtu humfanya ajifunze zaidi. Watu wana mapendeleo, hilo ni kweli, ila kupenda ni kitu kimoja na kufaidika ni kingine. Mwanafunzi mwenye disleksia hasikilizi somo la Sayansi kwa kuwa yeye ni mtu wa sikio. Anasikiliza kwa sababu maandishi yanamchelewesha, na Sayansi haiwezi kungoja mpaka kusoma kutengemae. Bado anahitaji kufundishwa kusoma. Lebo ya mtindo ina hatari hiyo: humpa mwalimu kisingizio cha kuacha kumfundisha mtoto kile kinachomshinda.

Mambo mawili yamethibitika kumfaa karibu kila mwanafunzi, anayejifunza kwa namna tofauti na asiye hivyo. La kwanza ni kujiuliza badala ya kusoma tena. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, katika jaribio lililochapishwa 2006, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kusoma. Baada ya wiki moja, waliosoma kila kifungu mara mbili walikumbuka asilimia 42 ya yaliyomo. Waliosoma mara moja kisha wakajaribu kuandika waliyokumbuka walifikia asilimia 56. Jambo la pili ni kutawanya: dakika 20 kwa siku tatu huzaa kuliko saa nzima kwa siku moja. Kwa mwanafunzi ambaye kusoma ukurasa humchukua nguvu nyingi, habari hii ni njema, kwa sababu inamwondolea kazi ya kuupitia ukurasa ule ule mara tano.

Njia rahisi ya kuyafanya yote mawili ni ile aliyoieneza Mjerumani Sebastian Leitner mwaka 1972. Katoni ya sabuni hukatwa vipande vidogo, swali upande mmoja, jibu upande wa pili. Asiyeandika vizuri huchora. Vipande vyote huanza katika mkebe wa kwanza, na mikebe ya Blue Band inatosha. Swali likijibiwa sawa, kipande huhamia mkebe wa pili, kisha wa tatu; likikosewa, hurudi wa kwanza. Mkebe wa kwanza huulizwa kila siku, wa pili kila baada ya siku tatu, wa tatu mara moja kwa wiki. Anayeuliza anaweza kuwa ndugu mdogo. Hata mzazi asiyejua Kiingereza, au asiyejua kusoma kabisa, ana kazi hapa: akiwa kibandani anapanga sukuma wiki, amwambie mtoto amweleze walichofundishwa leo, kwa Sheng au lugha yoyote, na amuulize “kwa nini” mara mbili au tatu. Huo ni mtihani kamili. Mtoto asipoweza kueleza, hajashika, hata kama daftari limejaa alama za vema.

Kwa mwenye disleksia, kusoma kwenyewe hufundishwa kwa sauti na kwa mpangilio, hatua ndogo kila siku, na Kiswahili kitangulie Kiingereza. Silabi sahili zikishakaa ndipo huja mba, nda, nya, ng'a, dha, kisha maneno marefu, ambayo ndiyo mtihani wenyewe wa Kiswahili. Neno kama hawatatusomesha humtisha anayeliona kwa mara ya kwanza. Likikatwa kwa penseli, ha-wa-ta-tu-som-esha, huwa vipande anavyovijua tayari, na kila kipande kina maana yake. Mwanafunzi akizoea kukata maneno kwa viambishi, anapata pia sarufi ambayo wenzake huikariri. Kiingereza hupangwa kwa jamaa za tahajia, neno light pamoja na night na right, kwa sababu kusoma herufi moja moja hakusaidii pale. Kidole au kipande cha karatasi chini ya mstari huzuia macho kuruka. Dakika 15 kwa siku zinatosha, na zikome kabla mtoto hajaanza kuchukia.

Masomo mengine yote hupitia sikioni wakati huo. Simu moja ya nyumbani hufanya mengi: kaka mkubwa akisoma sura ya Historia na kujirekodi, mdogo wake huisikiliza mara nyingi apendavyo bila bando. Simu nyingi za Android zina kipengele cha kusoma maandishi kwa sauti katika mipangilio ya ufikivu. Taasisi ya kukuza mitaala, KICD, nayo imekuwa ikiandaa vipindi vya masomo vinavyosikika kupitia redio ya KBC. Fasihi inafaa zaidi ikisomwa na kundi. Tamthilia ya Timothy Arege, Bembea ya Maisha, iliyomo katika orodha ya vitabu vya mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari, imeandikwa isemwe. Majirani wanne wa ploti moja wakigawana wahusika na kuisoma kwa sauti jioni mbili tatu, asiyesoma haraka huwa ameisikia yote na amepewa sehemu fupi aliyoifanyia mazoezi mapema. Kumsimamisha asome asichojiandalia mbele ya darasa hakumfundishi kitu, humfundisha kuogopa tu.

Pesa zisitumiwe kununua miwani ya rangi au karatasi za plastiki za rangi za kuwekwa juu ya kitabu. Zinauzwa kama tiba ya disleksia na ushahidi wake ni dhaifu. Maandishi makubwa zaidi na mistari iliyoachana husaidia baadhi ya wanafunzi, nayo hayahitaji duka maalumu.

Katika hesabu, kosa la kawaida ni kukimbilia alama kabla ya vitu. Mwenye diskalkulia anaweza kuandika 4 bila kuona vitu vinne. Vifuniko vya soda, maharagwe na kokoto hutangulia, naye avipange, avigawe, avihesabu kwa vikundi. Kwa thamani ya nafasi hakuna kifaa bora nyumbani kuliko pesa za Kenya: sarafu ya shilingi 1, sarafu ya shilingi 10 na noti ya 100. Sarafu kumi za shilingi moja zikibadilishwa na moja ya kumi, mtoto ameona kwa mkono kile ambacho kitabu hukiita makumi na mamoja. Kucheza duka na kurudisha chenji ni somo la kutoa. Jedwali la kuzidisha halikaririwi lote. Yale ya 2, 5 na 10 hushikwa kwanza, kisha mengine hutolewa humo: 6 mara 7 ni 5 mara 7, halafu 7 moja zaidi. Jedwali likiandikwa nyuma ya kalenda ya mwaka jana na kubandikwa ukutani, aruhusiwe kulitazama, kwa maana lengo la siku hiyo laweza kuwa kugawanya na si kukumbuka. Daftari la miraba huzuia tarakimu kuhama safu.

Saa ni mtego wa pekee kwa watoto hawa. Shuleni mshale ukiwa kwenye 9 husemwa kwa Kiingereza kuwa ni saa ya 9, nyumbani ni saa tatu. Watoto wengi huvuka tofauti hiyo ya saa sita bila kufikiri, lakini mwenye diskalkulia hupotea. Afundishwe mfumo mmoja mpaka ukae, na wa pili uje baadaye.

Kwa upungufu wa makini, tahadhari ya kwanza ni kutompachika jina hilo kila mtoto mtundu. Madaktari hutaka dalili ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, zianze kabla ya umri wa miaka 12, na zionekane mahali pawili au zaidi. Mtoto anayesumbua darasani tu na kutulia kwingine huenda ana shida na darasa hilo. Uamuzi ni wa daktari, na dawa pia ni za daktari, ila mbinu za kusomea hazihitaji kungoja jina.

Kazi ikatwe vipande vya dakika 10 hadi 15, kila kimoja na mwisho unaoonekana: maswali matano, si “soma hesabu”. Katikati yake mwili ufanye kazi, mtungi wa maji upelekwe juu au vyombo vioshwe, kisha arudi. Hatua ziandikwe au zichorwe kwenye karatasi ya manila na zikatwe moja moja zinapokwisha. Simu iwe mikononi mwa mtu mwingine. Kutembea huku akijieleza somo kwa sauti si utundu.

Mahali ni tatizo gumu zaidi, kwani Eastlands ina kelele: muziki wa matatu za Jogoo Road na Juja Road, spika za mahubiri, televisheni ya jirani nyuma ya ukuta mwembamba. Maktaba ni jibu ambalo wengi hupita karibu nalo. Kaloleni na Makadara zina maktaba za kaunti, matawi ya maktaba ya McMillan, ambazo shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017, limezikarabati. Buruburu ina tawi la maktaba ya taifa. Pasipo maktaba karibu, kanisa au msikiti usio na shughuli mchana huweza kuombwa. Kuamka alfajiri kukiwa kimya hufaa kwa sharti moja, kwamba mtoto amelala saa tatu usiku.

Anayeandika kwa shida aseme kwanza. Insha hurekodiwa kwenye simu, husikilizwa, hoja zake huandikwa kwa neno moja moja, na sentensi huja mwisho. Kibodi ya Google huandika Kiswahili kinachosemwa, ingawa Sheng huichanganya. Darasani aombewe daftari la mwenzake anayeandika vizuri ili asitumie kipindi kizima kunakili.

Shule ina wajibu wa kisheria katika haya. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpiga na kumdhalilisha mwanafunzi, na inakataza kumrudisha darasa, adhabu ambayo watoto hawa huipata mara nyingi. Mazungumzo na mwalimu wa darasa hufaulu zaidi mzazi akileta mambo machache mahususi: kiti cha mbele, maagizo yasemwe pamoja na kuandikwa, maswali machache yanayopima kitu kile kile. Chini ya mtaala wa umilisi, kazi za mwaka huhesabiwa. Kwa tathmini ya Gredi ya 9, iliyofanywa mara ya kwanza 2025, baraza la mitihani, KNEC, lilipanga asilimia 60 itoke kwenye mtihani wenyewe, 20 kwenye tathmini ya Gredi ya 6 na 20 kwenye tathmini za shuleni. Mwanafunzi anayeng'aa kwenye miradi na kufifia kwenye karatasi asipoteze alama hizo kwa kuchelewesha kazi.

Tathmini rasmi hufanywa na vituo vya tathmini ya elimu maalumu vya serikali, vilivyoanza 1984, ambavyo mara nyingi vimo ndani ya viwanja vya shule za msingi. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo huelekeza kilipo. Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, iliyoanzishwa 1986, iko Kasarani, na wakazi wa Eastlands hufika kwa urahisi. Mzazi aende na madaftari ya miaka miwili, ripoti za shule, na maelezo ya mtoto alianza kuzungumza lini. Kwa disleksia ipo pia Rare Gem Talent School iliyoko Kitengela, na kwa usonji, kitengo cha City Primary katika Ngara, ingawa watoto wengi hubaki katika shule zao za karibu, na sera ya serikali ya 2018 inalenga wahudumiwe huko.

Ripoti ya tathmini ndiyo huiwezesha shule kuomba KNEC marekebisho ya mtihani, kama vile muda wa ziada au maandishi makubwa. Ombi hupitia kwa mwalimu mkuu wakati wa kusajili watahiniwa, miezi mingi kabla ya mtihani, kwa hiyo tathmini inayofanywa muhula wa mtihani huwa imechelewa. Nakala moja ya ripoti hubaki nyumbani, kwa sababu faili za shule hupotea mtoto anapohama. Marekebisho yakikubaliwa, yatumike kwanza katika mitihani ya kawaida ya muhula: anayepewa muda wa ziada kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wa taifa, bila kuzoea kuugawa, huutumia kungoja kengele.